Watoto 87, ndoo ya vizibo na "darasa lako soko"

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili shule ya serikali huku Geita, watoto 87 na niko peke yangu. Tulipewa semina kwamba mtoto ajifunze kwa vitendo, achague kazi mwenyewe, mwalimu awe mwezeshaji tu. Nikatengeneza kona nne, nikaweka ndoo ya vizibo vya soda, vijiti, kadi za herufi, nikawaambia haya kila mtu achague. Siku tatu tu vizibo nusu vimepotea, wawili wamepigana, na mwalimu mkuu kapita dirishani kasema mwalimu darasa lako soko. Nimerudi kwenye ubao na 'someni wote'. Niambie ukweli, hii kitu inawezekana kwetu au ni mambo ya shule za hela?"

Marahaba mwalimu wangu, na pole. Nikujibu kabla sijaanza hadithi zangu: inawezekana, ila sio kwa namna ile uliyofanya, na sikulaumu maana hata mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, tena mimi nilikuwa na maharage. Darasa la kwanza, nikawapa kila kikundi bakuli la maharage wahesabu, nikageuka kuandika ubaoni, kugeuka tena mtoto mmoja analia, harage limo puani. Tukamkimbiza zahanati kwa baiskeli ya mlinzi, na mama yake sikuweza kumwangalia usoni wiki nzima. Tangu siku hiyo sitaki kusikia maharage wala punje za mahindi kwa watoto wa umri huo. Vizibo sawa, havipiti puani, vina ubaya wake mwingine ntakuja kuusema.

Sasa hilo la shule za hela. Najua ukisikia Montessori, ndiyo hiyo njia ya mtoto kuchagua kazi mwenyewe, unaona shule yenye geti na basi la njano na ada ya mamilioni, na kweli huku kwetu nyingi ziko hivyo. Ila ilikoanzia hakukuwa na hela kabisa. Maria Montessori alikuwa daktari, alifungua chumba chake cha kwanza tarehe 6 Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo kule Roma, mtaa wa maskini, wazazi wanatoka asubuhi kwenda vibaruani watoto wanabaki wanachafua kuta na ngazi za majengo, mpaka wenye majengo ndio wakatafuta mtu wa kuwashika hao watoto. Walikuwa hamsini na ushee chumba kimoja, na dada aliyekaa nao hakuwa amesomea ualimu. Yani kwa hali ya mwanzo wewe na yule dada mngeelewana vizuri tu.

Kuna kisa Montessori mwenyewe amekisimulia, na mi naona ndio jibu lako liko humo. Vifaa vilikuwa vinafungiwa kabatini, dada ndiye anagawa. Siku moja kachelewa kufika na kabati lilikuwa halijafungwa, kufika anakuta watoto wamelifungua, kila mmoja kachukua anachotaka, wako bize. Yeye akaona wizi. Montessori akaona kwamba hawa watoto wanavijua vitu na wanajua wanataka nini, akaachana na kabati akaweka rafu fupi wanazozifikia wenyewe. Watu wakisimulia hiki kisa wanasisitiza "walichagua", wanaruka neno la mbele yake, WANAVIJUA. Wale watoto walishaonyeshwa kila kifaa kinatumikaje na kinarudi wapi, ndio maana siku mlango umefunguka haikuwa vurugu. Wako ulianza kuwafungulia kabati siku ya kwanza.

Ila hata ukiwaonyesha vizuri utaniuliza, mwalimu mimi ni mmoja, nitajuaje nani kakosea kati ya 87? Hapo ndipo penyewe. Kazi ya kujifunza mwenyewe inasimama au inaanguka kwa kitu kimoja: je mtoto akikosea, kile kifaa chenyewe kinamwambia kakosea? Kama lazima aje kukuuliza "mwalimu nimepata?" basi hapo hajajifunza mwenyewe, amekuongezea foleni tu. Piga hesabu, daftari moja dakika moja, watoto 87 hiyo karibu saa moja na nusu ya kusahihisha na kipindi chenu cha darasa la pili ni dakika 30. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 na wewe unao karibu mara mbili. Watu wanasema hii njia inataka darasa dogo, mi nasema darasa kubwa ndio linaihitaji zaidi, kwa sababu hakuna namna wewe uwe macho ya watoto 87, lazima kazi ya kuona kosa umpe mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni kifaa.

Wala sio jambo geni kwetu. Mtoto anayekaa pembeni ya wazee wanaocheza bao anajua kuhesabu kete na kupiga mahesabu ya mashimo matano mbele kabla hajafika darasa la tatu, na hakuna aliyemsahihishia kwa kalamu nyekundu. Amehesabu vibaya, kete inaishia pasipo, analiwa, basi. Bao lenyewe ndio mwalimu.

Nikuonyeshe kwa vizibo maana unavyo tayari. Vizibo ulivyovimwaga kwenye ndoo havifundishi kitu zaidi ya kuhesabu moja mbili tatu, na mtoto akihesabu 43 akaruka kimoja hakuna atakayejua. Chukua waya ule wa kufungia nondo, tunga vizibo kumi kumi, kunja ncha zote mbili kabisa mtoto asiweze kuchomoa. Mnyororo mmoja ni kumi. Pembeni acha vizibo ishirini hivi vya peke yake, hivyo ndio mamoja. Alafu kopo moja la maziwa la akiba ya vizibo na minyororo, pa kubadilishia mnyororo mmoja kwa vizibo kumi, watoto wangu walilipa jina la wakala na sikubishana nao.

Sasa nakumbuka kijana mmoja, daftari lake 43 toa 17 kaandika 34. Wewe unalijua hilo kosa, unalikuta kwenye madaftari arobaini kila mwaka: tatu haitoshi kutoa saba, basi anageuza, saba toa tatu nne, nne toa moja tatu, kamaliza, na yuko na amani kabisa. Nilishamwambia "kopa kumi" nadhani mara mia, kwake kukopa ilikuwa ni kukata namba na kuweka kimoja juu, mapambo tu. Nikamkalisha na mwenzake kwenye mkeka, minyororo minne na vizibo vitatu. Toa 17. Kaondoa mnyororo mmoja vizuri. Kisha akaja kwenye saba, anavyo vitatu. Akakaa. Akajaribu kuchomoa kizibo kwenye mnyororo, hakitoki. Akaniangalia, mi nikajifanya naangalia wengine (hii ndio kazi ngumu kuliko zote, kukaa kimya, mdomo unawasha). Mwenzake ndio akasema "nenda kwa wakala". Akapeleka mnyororo mmoja akarudi na vizibo kumi mkononi, akaondoa saba, akahesabu vilivyobaki: minyororo miwili na vizibo sita. Akaangalia daftari lake, 34. Akaangalia chini, 26. Akarudisha vyote vya kutoa, akapata 43 tena, akarudia. Alirudia mara nne siku ile, hakuna aliyemwambia arudie. Mara ya nne hakuenda hata kwenye mkeka, alifuta 34 akaandika 26 alafu ndio akaenda kuhakikisha.

Unaona mnyororo usiochomoka ndio umefanya kazi yote hapo? Ningempa vizibo 43 vya peke yake angetoa 17 akapata 26 na asingejifunza chochote kuhusu kukopa. Kwa hiyo ukitengeneza kifaa chochote jiulize hilo kwanza, mtoto akienda vibaya kitamkwamisha wapi.

Kadi za silabi nazo zina mtego wake. Wengi tunatengeneza kadi ya boksi, tunachora mbuzi, chini tunaandika mbu na zi, tunakata katikati kwa mkato wa meno meno ili vipande viingiliane vyenyewe tu. Nzuri, kosa linajionyesha, mbu haiingiliani na ku. Ila mtoto mjanja baada ya siku mbili anasoma mkato na picha, hasomi silabi kabisa, anapanga kadi ishirini kwa dakika moja na wewe unafurahi. Kwa hiyo fanya pakiti mbili. Ya kwanza ya meno meno na picha kwa wanaoanza. Ya pili zikatwe mstari ulionyooka, hakuna picha, ila nyuma ya vipande vinavyoendana kuna alama moja, nyota na nyota, jani na jani, na kila neno na alama yake. Apange maneno yote, asome, ndio ageuze. Mtoto atakayegeuza kabla yupo, tena wengi, mwanzoni mwache, baada ya wiki inamchosha mwenyewe.

Na kipimo, hiki wanakipenda kufa. Chupa za maji za nusu lita, za lita moja, dumu la lita 5, faneli unakata juu ya chupa nyingine. Anakisia kwanza anaandika, chupa ndogo ngapi zitajaza dumu, kisha anajaza. Ila chupa ya nusu lita ukiijaza mpaka mdomoni inazidi nusu lita, hata dumu hivyohivyo, na watoto watakuja na tisa na kidogo wakuulize kwanini kitabu kinasema kumi. Chora mstari wa rangi kwenye kila chupa uwaambie mwisho hapa. Nje lakini, chini ya mti, sio ndani.

Haya, vurugu. Wewe uliwaachia 87 kwa mpigo. Mi ningegawa makundi matano, 17 au 18 kila kundi, Jumatatu hadi Ijumaa kila kundi na siku yake. Siku yao wako kwenye mikeka upande mmoja au barazani unapowaona, wale sabini wana kazi ya daftari uliyoandika ubaoni. Kundi la 18 ni jozi 9, kwa hiyo unahitaji seti 9 tu: tatu za vizibo, tatu za kadi, tatu za vipimo. Seti moja ya vizibo ina minyororo tisa na ishirini vya peke yake, hiyo ni 110, mara tatu 330. Kila mtoto akileta vizibo vitano tu umepata 435, na visivyotosha dada wa baa ya jirani atakuwekea kwenye ndoo ukimwomba. Ukiweza omba vipindi viwili vinavyofuatana, maana nusu saa mtoto ndio kwanza anakolea unamwambia rudisha.

Na wiki mbili za kwanza usifundishe hesabu wala silabi kwa vifaa. Najua inauma, una azimio la kazi na mwalimu wa taaluma anakufuatilia, ila wiki mbili hizo fundisha kuchukua boksi kwa mikono miwili, kuliweka katikati ya mkeka, kuhesabu vilivyomo, kufanya, kurudisha pale pale. Juu ya mfuniko andika idadi, "minyororo 9, vizibo 20, kopo 1". Jozi inayorudisha inahesabu mbele ya mtoto mliyemchagua kuwa fundi wa vifaa wa kundi, na fundi anabadilika kila mwezi. Mi vizibo vilikuwa vinapotea kwa sababu vilikuwa havina idadi, kitu kisicho na idadi kwa mtoto ni mali ya kuokota. Wawili waliopigana nadhani walipigana kwa sababu kila mmoja alitaka kilekile na hakukuwa na utaratibu wa kusubiri. Kwenye madarasa ya Montessori kwa kawaida kifaa cha aina moja ni kimoja tu, makusudi, mtoto ajifunze kungoja zamu. Usijione mnyonge kwamba una vichache. Kuna mtafiti Mmarekani, Angeline Lillard, mwaka 2012 alilinganisha madarasa ya awali yaliyobaki na vifaa vyake vilevile vya Montessori na yale yaliyochanganya na madude mengine ya kununua, na yale ya kwanza ndiyo watoto walisonga zaidi. Vichache vinavyojulikana.

Kuchagua sasa. Kuchagua sio "fanya unachotaka au usifanye". Kuna kazi tatu pale, zote nimeshakuonyesha, chagua moja, na ukitaka kurudia ileile wiki tatu mfululizo rudia. Utakuwa na mtoto atakayekimbilia vizibo kila siku kwa sababu kusoma kunamtesa, huyo usimkataze vizibo, ila siku hiyo mkalie wewe mwenyewe na kadi dakika kumi kwanza. Kumbuka ulikuwa huna hizo dakika kumi kabla, sasa unazo, kwa sababu vizibo vinasahihisha wengine.

Ila nisikudanganye, usiende mbali ukadhani mtoto atagundua kusoma peke yake. Silabi mpya unafundisha wewe, ubaoni, mbele, kwa sauti, na "someni wote" yako haina dhambi yoyote. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark waliandika makala iliyowakera sana watu wa mwezeshaji mwezeshaji, wakasema anayeanza jambo ambalo hajui chochote ukimwachia agundue mwenyewe unamlemea, anahitaji kuonyeshwa waziwazi. Mi nawakubali. Unaonyesha, wanakuigiza, ndipo unawaachia kifaa wazoee kwa mwendo wao. Semina nyingi zinaanzia hatua ya tatu, sijui kwanini, labda kwa sababu hatua ya tatu inapendeza kwenye picha. Yaleyale ya Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika mtoto awe na akili ya kuuliza na kufikiri, shule nyingi tukachukua jembe tu.

Mwalimu mkuu. Usibishane naye kwa maneno ya semina. Mwombe aje siku moja akae dakika kumi na tano na jozi moja tu, mpe yeye mwenyewe hesabu ya kuwapa, 52 toa 38, awaangalie wakienda kwa wakala na kurudi. Na mwambie wazi kuna kelele mbili, kelele ya "nipe hicho" na kelele ya "hapana, hii inabaki kumi na nne sio ishirini na nne", ya pili ndio unayoitaka. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija ataomba andalio la somo, andika humo kabisa kazi ya mwanafunzi ni ipi, kifaa gani na kosa analionaje, usiandike "wanafunzi watafanya kwa vitendo" ukaishia hapo, hiyo haisemi kitu. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) uanze 2015 vitendo ni agizo, sio ubunifu wako, kwa hiyo huna cha kujitetea, una cha kuonyesha.

Wazazi ndio wagumu kidogo, maana mzazi anasoma tiki. Daftari halina tiki anajua mwalimu hafanyi kazi. Kwa hiyo kila mtoto siku ya kundi lake aandike hesabu tano alizozifanya kwenye mkeka, majibu yake, wewe unasaini daftari 18 badala ya 87. Kwenye kikao cha wazazi peleka boksi moja uwape baba wawili wafanye mbele ya wenzao. Mi nilifanya hivyo, wakabishana wao kwa wao mpaka kikao kikachelewa.

Usiibebe yote kwa pamoja. Anza na kundi moja la Jumatatu na seti tatu za vizibo tu, jozi tatu tatu kwa zamu, mwezi mzima, wakishazoea ongeza kadi, vipimo waachie muhula wa pili ardhi ikiwa kavu. Wengine watalia wanataka na wao, waambie zamu yao inakuja.

Na ule ubaya wa vizibo niliosema: makali. Kabla ya kutunga kiweke juu ya jiwe, kiponde na nyundo mpaka meno yote yalale na kiwe bapa kama shilingi. Tobo piga kwa msumari wa inchi moja, ukimaliza kigeuze upige tena taratibu upande msumari ulikotokea, maana huo ndio unaoacha ncha ya kukata vidole. Pitisha kidole chako wewe kwanza kwenye kila mnyororo. Vikundi vya darasa la sita wanaweza kukusaidia kuponda, ila kwenye tobo simama nao.